Kuacha sukari au kupima mawese? Ulinganisho kwa mtu wa Kigoma anayetaka kupungua

Mtu wa Kigoma akitangaza kwamba anataka kupungua, ushauri wa kwanza atakaopewa, awe sokoni Mwanga au barazani Ujiji, ni huu: acha sukari. Ni ushauri mzuri, lakini umegeuzwa kuwa ndio ushauri wote. Wapo kina mama na kina baba wanaokunywa chai isiyo na sukari mwezi mzima, tena kwa shida kwelikweli, huku samaki wao wa mgebuka anaogelea kwenye mawese na ugali uko pale pale. Mizani ikigoma wanasema mwili wao ni wa kurithi, basi, hakuna la kufanya. Inaniuma kuona mtu mwenye nia thabiti anakata tamaa kwa sababu alipewa nusu ya habari.

Kwa hiyo naziweka hapa njia zinazotajwa zaidi: kuacha sukari yote, kuacha ile ya kunywa tu, kuhamia kwenye asali, kupunguza mawese, na kupunguza ugali. Sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazina uzito sawa.

Kilo ya sukari na lita ya mawese

Tuanzie dukani. Nyumba nyingi hazipimi chakula kwa gramu, ila kila anayepika anajua vizuri sukari inaisha lini. Kilo moja ya sukari ina kalori, yaani kipimo cha nguvu ya chakula, karibu 4,000. Tuseme nyumba ina watu watano na kilo inaisha kwa siku nne. Hapo kila mtu amekula gramu 50 kwa siku, yaani kalori 200. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata kwa siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 50 hizo hizo. Likaongeza kwamba ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 au vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Maana yake nyumba yetu hii imeshafika ukingoni kabla mtu hajafungua soda wala kununua andazi.

Sasa chukua lita moja ya mawese. Ina kalori zaidi ya 8,000, mara mbili ya kilo ya sukari, kwa sababu gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9 na gramu ya sukari hubeba 4. Nyumba ile ile ikimaliza lita kwa siku nne, kila mtu anapata kalori 400 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake. Katika nyumba hiyo, kuacha sukari yote kunaondoa kalori 200 kwa kila mtu. Kupunguza mawese nusu kunaondoa 200 vilevile. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba karibu kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 200 kila siku, kwa hesabu ya karatasini, ni kilo moja katika wiki tano na nusu hivi. Mwilini huenda polepole zaidi ya hapo, maana kadiri unavyopungua ndivyo mwili unavyohitaji chakula kidogo zaidi, lakini mwelekeo ni huo.

Kabla ya kuendelea kusoma, jiulize nyumbani kwako kipi kinaisha haraka, mfuko wa sukari au chupa ya mawese. Jibu lako linaweza kuwa kinyume kabisa na la jirani yako, na ndiyo maana ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Majaribio yameonyesha nini

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kuhusu sukari na uzito wa mwili wakayasoma kwa pamoja. Watu wazima walioambiwa wapunguze sukari, bila kubanwa kwenye vyakula vingine, walipungua wastani wa kilo 0.8. Walioongeza sukari waliongezeka kiasi karibu hicho hicho. Lakini kwenye majaribio ambayo sukari iliondolewa na mahali pake pakawekwa wanga mwingine wenye kalori zile zile, uzito haukubadilika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana imebeba jibu la swali zima. Sukari haina uchawi wa kunenepesha. Inanenepesha kwa sababu inaingiza kalori kirahisi bila kushibisha. Ukiiondoa na usiweke kitu pale, utapungua. Ukiiondoa kwenye chai kisha njaa ya saa nne ikakupeleka kwenye andazi la pili, umehamisha mzigo kutoka begani kwenda kichwani. Andazi moja la gramu 50 hivi lina kalori karibu 200, na ndani yake mna sukari, unga na mafuta kwa pamoja. Kwa kalori, ni zaidi ya vijiko kumi vya sukari. Mtu anayejinyima vijiko vitatu kwenye kikombe halafu anakula maandazi mawili ili chai ipite vizuri, amerudisha kalori alizoziacha na nyingine nyingi juu yake.

Utamu wa kunywa ndio wa kwanza kuondoka

Hapa nina msimamo mkali kuliko mahali pengine pote.

Nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia. Mama anayeuza chai amefika na chupa zake kubwa, na sukari imeshatiwa tangu jikoni. Kikombe ni kile kikubwa cha plastiki, chai ni ya rangi, tamu mpaka inagandia midomoni. Ukimwuliza kama anayo isiyo na sukari, anakutazama kwa huruma: "Isiyo na sukari ya nini, baba? Unaumwa?" Na kwa wateja wake wengi yuko sahihi. Mvuvi aliyeshinda usiku ziwani akivuta wavu ana haki ya sukari ile, ataichoma kabla jua halijapanda. Lakini kikombe hicho hicho kinanunuliwa na mwenye duka atakayekaa kwenye kiti mpaka jioni, na karani atakayepanda bodaboda kwenda ofisini. Chai ni moja, miili haifanyi kazi sawa.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Kile cha kujaza kilima, ambacho ndicho tunachokitumia wengi, kinafika gramu 6 au zaidi. Vitatu vya namna hiyo kwa vikombe vitatu kwa siku vinakufikisha kwenye kalori 200 na ushee. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 45 kutegemea aina, yaani vijiko tisa mpaka kumi na moja. Hakuna mtu anayeweza kumwaga vijiko kumi kwenye kikombe chake cha chai akanywa mbele za watu bila kuulizwa, lakini kwenye soda vinapita kimya. Juisi ya miwa si nyepesi kuliko soda, ingawa imekamuliwa mbele ya macho yako.

Kwa nini natenganisha kunywa na kula? Kwa sababu tumbo halivihesabu kwa namna moja. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa watu 15 kalori 450 za sukari kila siku kwa wiki nne kama soda, na kwa wiki nne nyingine kama peremende laini za kutafuna. Walipokula peremende, watu hao bila kuambiwa walipunguza chakula kingine kwa kiasi kinacholingana. Walipokunywa soda hawakupunguza chochote. Kalori zikawa nyongeza tupu, na uzito ukapanda. Kundi lilikuwa dogo, lakini linafanana na tunachokiona kila siku: soda na sahani ya wali hazizuiani, zinaingia zote.

Kwa watoto tuna ushahidi mkubwa zaidi. Nchini Uholanzi, watoto 641 walipewa kopo moja la kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, wengine chenye sukari, wengine kisicho na sukari, bila wao kujua kipi ni kipi. Matokeo yalitolewa 2012: waliopewa kisicho na sukari waliongezeka kilo 6.35, wenzao 7.37. Kopo moja dogo tu kwa siku lilileta tofauti ya kilo nzima. Mzazi anayempa mwanawe hela ya soda kila anapokwenda shule ajue hilo.

Na zile soda zisizo na sukari, zenye vitia utamu? Kwa mtu aliyezoea soda mbili kwa siku, ni daraja la kuvukia. Kubaki huko siku zote sishauri, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa mwongozo kwamba vitia utamu visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Maji yapo.

Matunda mazima msiyaguse kwenye hesabu hii. Embe au nanasi la kutafuna lina nyuzi na maji mengi, linakaa tumboni, na hata mwongozo ule wa 2015 hauihesabu sukari iliyomo ndani ya tunda zima. Likishakamuliwa na kuchujwa likawa juisi, limehamia upande wa pili.

Asali

Tunayo asali nzuri: ya Kibondo na Kakonko hapa kwetu, na ya majirani zetu wa Tabora ambao misitu yao ya miombo imewapa jina. Naipenda, na sitamkataza mtu. Lakini kama sababu yako ni kupungua, asali haikusaidii kitu. Kijiko cha chakula cha asali kina uzito wa gramu 21 hivi na kalori 64. Kijiko hicho hicho cha sukari ni gramu 12 na kalori karibu 50. Ukilinganisha gramu kwa gramu, asali iko chini kidogo kwa sababu ina maji ndani yake. Ukilinganisha kijiko kwa kijiko, imezidi. Na kwa kuwa tunaiita dawa, mkono unakuwa mwepesi: kijiko asubuhi, kijiko kwenye chai, kimoja cha kulalia. Mtu anasema ameacha sukari, na kwa maneno ni kweli ameiacha.

Kama utamu wa asali unakuwezesha kutosheka na kijiko kimoja cha chai badala ya vitatu vya sukari, hapo una faida. Nje ya hapo hakuna. (Na kwa kuwa nimeitaja: mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, kuna vimelea vinavyoweza kumdhuru.)

Mawese: msiyafukuze, yapimeni

Ukiniuliza kwa kalori peke yake, kwa nyumba nyingi za kwetu faida kubwa imekaa kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese ni kalori 120. Upawa mdogo wa mililita 60 unakaribia 500. Angalia namna tunavyopika mgebuka: mafuta yanamiminwa kwenye sufuria kwa macho, yanaachwa yachemke, kitunguu, nyanya, samaki, na ukimaliza kula kuna dimbwi jekundu limebaki kwenye bakuli, ambalo tonge la mwisho linalifuta lote. Maharage nayo hayaachwi, lazima yang'ae.

Hata hivyo mawese na sukari si ndugu. Rangi ile nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta kidogo ndiyo yanayosaidia mboga za majani zifanye kazi yake mwilini. Sukari haikupi kingine chochote zaidi ya nguvu. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya kalori 200 za sukari na kalori 200 za mawese, nitaziondoa za sukari, kwa sababu hapo hakuna ninachokipoteza. Lakini halazimishwi mtu. Sukari unaweza kuifuta, mawese unayapunguza.

Namna ya kuyapunguza bila kuharibu chakula: acha kumimina, tumia kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mtu kwa siku nzima kinatosha kabisa kupata rangi na harufu. Nyumba ya watu watano kwa mtindo huo itaimaliza lita kwa siku 13 badala ya nne. Samaki unaweza kumchemsha kwa nyanya, kitunguu na ndimu, mawese ukayaweka kidogo tu yakaonekana juu. Mgebuka wa kuchoma nao hauhitaji mafuta hata tone. Na dimbwi likibaki, libaki.

Ugali

Hapa nitapita haraka. Unga mkavu, wa muhogo au wa mahindi, una kalori 350 hivi kwa kila gramu 100. Mtu anayekula ugali uliotokana na robo kilo ya unga amekula kalori karibu 900 kabla ya kitoweo. Ukipunguza robo ya ugali huo, umeondoa kalori zaidi ya 200, sawa na sukari yote ya siku ya mtu mmoja katika nyumba yetu ya mfano. Ugali wa muhogo una protini kidogo sana, ndiyo maana unakula mwingi na saa kumi njaa imerudi. Dawa ni kubadili mgawanyo wa sahani: dagaa wengi zaidi, maharage mengi zaidi, kisamvu au mchicha, tonge chache. Kwa hili Kigoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina, kitoweo chenye protini kiko mlangoni.

Kuhusu ubishi wa wanga na mafuta, kipi kiondoke, mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya jaribio la watu 609 lililochukua mwaka mzima. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, na tofauti hiyo haikuwa ya maana kitakwimu, yaani inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Kinachonivutia ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa tangu mwanzo yapunguze sukari na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi. Kwenye lile lililobishaniwa walikuwa sare. Lile ambalo halikubishaniwa lilikuwa sukari.

Kuacha yote ghafla, au hatua kwa hatua

Anayeacha sukari na ugali kwa mpigo atafurahi wiki ya kwanza, mizani itashuka hata kilo mbili. Ajue kwamba sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji gramu 3 hivi. Akiba ikiisha, maji yanatoka nayo. Siku atakayokula sahani ya wali kwenye sherehe, maji yanarudi, na yeye anadhani amenenepa usiku mmoja. Wengi huachia hapo.

Kwa sukari ya chai, mimi napendelea kushuka nusu kijiko kila wiki. Tangawizi, mdalasini na mchaichai vinasaidia sana, hasa kwenye chai ya rangi. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei ikapaa, nyumba nyingi zilijikuta zikipunguza kijiko bila kupanga, na chai ilinyweka. Kwa soda sioni haja ya kushuka taratibu, iache moja kwa moja.

Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamidi, asipunguze sukari na wanga ghafla bila kuongea na mhudumu wake wa afya. Dozi iliyopangwa kwa mlo wa zamani inaweza kumwangusha sukari ikashuka mno. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao hili la kupungua waliahirishe mpaka wapate ushauri kliniki.

Nani aanze na nini

Kama unakunywa soda kila siku, au chai yako ni ya vijiko vitatu kwa vikombe vitatu, anza na sukari ya kunywa na usiguse kingine chochote kwa mwezi wa kwanza. Utaona mabadiliko, na utayaona bila njaa. Kama sukari unaitumia kidogo lakini chupa ya mawese haikai wiki, usihangaike na chai, nenda kwenye upawa. Kama vyote viwili viko sawa na bado kitambi kipo, tazama ugali, na tazama bia: chupa moja ya mililita 500 ni kalori 200 hivi, na pombe ya ndizi nayo si maji. Asali iachie nafasi yake ya asali.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Kama huna mizani, futi ya fundi cherehani inatosha, izungushe usawa wa kitovu na uandike namba. Wiki nne zikipita na kiuno hakijasogea, usizidi kujibana kwenye chai ambayo haina sukari tena. Hamia kwenye hatua inayofuata, mawese kwanza, ugali baadaye, kila moja ukiipa wiki nne zake.